Oksijeni haiui mtoto: maelezo kwa wamama juu ya nimonia



Kuna neno tunalolisikia mara nyingi ku banji la kliniki hapa Katoyi. Wamama wanaambiana kwa sauti ya chini, wakifikiri sisi wauguzi hatusikii: "Wakimutia mutoto ule mupira wa puani, ujue imekwisha." Neno hili halikuzaliwa bure. Kila mama anajua mtoto wa jirani ao wa ndugu aliyepelekwa hospitali, akatiwa mpira wa oksijeni, na kabla ya kucha akafa. Watu wakaunganisha mambo mawili, mpira na kifo. Tangu hapo mama mwingine akiona mashine ya oksijeni inasogezwa ku kitanda cha mtoto wake, anamfunga mgongoni na kutafuta mlango.

Tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo hili bila kugombeza mtu.

Habari ya watoto wawili

Niwaeleze habari ya watoto wawili, bila kutaja majina yao wala hospitali. Walilala chumba kimoja, juma moja, kila mmoja na miezi kama minane. Wote wawili walikuwa na nimonia, ule ugonjwa ambao wengine wanauita kichomi. Wote wawili walitiwa oksijeni kwa mashine ileile, maana ilikuwa moja tu, ikagawanywa kwa mipira miwili.

Wa kwanza aliugua siku ya posho: mafua, kikohozi, joto. Mama yake akanunua dawa ya maji ya kikohozi ku duka la karibu. Kesho yake mama mukwe akasema ni kirimi, na mtoto akapelekwa kukatwa kirimi. Akatoka huko na damu kinywani, na tangu saa ile hakunyonya tena vizuri. Siku mbili zilizofuata alikuwa ku chumba cha maombi. Usiku wa siku ya tano ya ugonjwa, saa saba, akaletwa juu ya moto ya kukodi, midomo imekuwa ya bluu, kichwa kinatikisika kila anapovuta pumzi. Oksijeni ilitiwa haraka, sindano zikapigwa. Alikufa saa kumi na moja ya asubuhi.

Wa pili aliletwa kesho yake tu ya kuanza kuugua, kwa sababu mama yake aliona mbavu zake zinaingia ndani akipumua. Naye alitiwa mpira wa puani. Alikaa nao siku mbili, kisha ukaondolewa. Siku ya nane alirudi nyumbani.

Ikiwa mpira ndio unaua, kwa nini haukuwaua wote wawili? Mtoto wa kwanza hakuuawa na oksijeni. Alikuwa amekwisha kuzama, na oksijeni ilikuwa kama kamba iliyorushwa ndani ya ziwa Kivu wakati mtu hana tena nguvu ya kuishika.

Juu ya maombi, sisi wa hospitali ya misioni hatuwezi kuyasema vibaya. Kila asubuhi tunaanza kazi kwa kuomba. Lakini Mungu anamsikia mama aliye juu ya moto njiani kuja hospitali sawasawa na yule aliye ndani ya chumba cha maombi. Ombeni mukija. Tutaendelea kuomba pamoja nanyi kando ya kitanda.

Mikrobi hii inakaa wapi?

Nimonia inaletwa na mikrobi za namna nyingi. Moja iliyo kali sana kwa watoto inaitwa pneumokoki. Si ugonjwa wa jana: Louis Pasteur kule Ufaransa na George Sternberg kule Marekani waliiona mikrobi hii mwaka mmoja, 1881, kila mtu kwa upande wake.

Inakaa puani na kooni, na mara nyingi inakaa kimya. Huko Bukavu, katika miaka ya 2014 na 2015, waganga walichunguza pua za watoto wenye afya, wa chini ya miaka mitano. Kama mtoto mmoja kwa kila watano alikuwa nayo, naye anacheza, anakula, hana neno. Kwa hiyo mama akiuliza, "Ni nani amemuloga mutoto wangu?" tunamjibu kwamba pengine mikrobi ilitoka kwa kaka yake wanayelala naye kitanda kimoja. Inapita kwa kikohozi, kwa chafya, kwa mate. Kisha inangoja mlango ufunguliwe. Mlango unafunguliwa na mafua makali, na surua, na njaa, na moshi.

Moshi tuusemee kidogo. Tunajua nyumba zetu: mbao juu ya mawe ya volkano, chumba kimoja kwa watu saba, na usiku wa mvua mbabula inaingizwa ndani kwa sababu ya baridi. Mama anapika, mtoto yuko mgongoni, na pumzi yake inachota moshi uleule. Hamukuchagua maisha haya. Lakini mbabula inaweza kukaa nje ao mlangoni, na mtoto anaweza kushikwa na dada yake mpaka chakula kiive. Na kulala na mbabula ya makala ndani, mlango umefungwa, kunaua hata watu wakubwa. Hilo musilifanye hata usiku mmoja.

Mikrobi ikishuka ku mapafu, inakuta vifuko vidogo sana ambavyo hewa inaingia, kama povu la sabuni. Vifuko vinajaa maji na usaha. Hewa inafika, haipati nafasi. Ndiyo maana mtoto anapumua mbiombio: kila pumzi inamletea kidogo tu, basi anavuta nyingi. Wakati mwingine mikrobi haikai ku mapafu tu. Inapanda ku sikio, na sikio linatoa usaha. Inaingia ndani ya damu. Tena inaweza kufika ku ngozi inayofunika ubongo; huo ndio ugonjwa wa menenjiti, ambao tutausema mbele.

Watoto wa chini ya miaka miwili ndio wanaoshikwa sana. Hatari inazidi kwa mtoto wa kilo ndogo, kwa mtoto mwenye virusi vya ukimwi, na kwa mtoto wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama wa mtoto wa SS, sikia vizuri: mwili wake hauna nguvu ya kukamata pneumokoki, na joto ambalo mtoto mwingine angelivumilia mpaka kesho, wako asilivumilie hata saa chache. Lete mtoto siku ileile. Na ile penisilini ya kila siku ambayo muganga alimwandikia, usiikatize kwa sababu unamuona mzima.

Kuhesabu pumzi

Joto haliwezi kutuambia kama ni nimonia, maana malaria pia inaleta joto. Kikohozi hakiwezi, maana mafua pia yanaleta kikohozi. Ni pumzi inayosema.

Fungua nguo ya mtoto wakati ametulia. Asiwe analia wala ananyonya. Tazama tumbo na kifua. Kila kinapopanda na kushuka, hesabu moja. Tumia saa ya simu, dakika moja nzima, si nusu. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 ao zaidi kwa dakika, anapumua mbio. Mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5, hesabu ni 40. Mtoto ambaye hajamaliza miezi 2, hesabu ni 60. Lakini huyo tusimhesabie sana. Akikataa ziwa tu, akiwa na joto ama akiwa baridi, aletwe bila kungoja kitu kingine.

Mama asiyejua kuhesabu mpaka 50 asione haya. Weka mkono juu ya tumbo la mtoto na jaribu kupumua pamoja naye, pumzi kwa pumzi. Ukiona wewe mwenyewe unachoka upesi na kichwa kinazunguka, mlete apimwe.

Naomba niseme jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, nilimrudisha nyumbani mtoto wa mwaka mmoja na dawa ya kikohozi. Hakuwa na joto kali, na watu walikuwa wengi mlangoni, nami sikumfungua nguo. Alirudi baada ya siku mbili, mbavu zinaingia ndani. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile hakuna mwanafunzi anayepita mikononi mwangu bila kuhesabu pumzi mbele yangu, dakika nzima, hata kama banji limejaa mpaka barabarani. Nawe mama, muuguzi akitaka kukupa dawa bila kumfungua mtoto kifua, una ruhusa ya kusema kwa heshima: "Mama muuguzi, muhesabie kwanza pumzi."

Kuna alama ambazo hazingoji asubuhi. Sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta hewa. Hawezi kunyonya ao kunywa. Anatapika kila kitu. Ameshikwa na degedege. Amelegea, anaamshwa haamki. Midomo ni ya bluu. Moja tu ya hizi inatosha. Usipite kwa mkataji wa kirimi: kirimi ni kiungo cha kooni ambacho kila mtu anacho, hakileti kikohozi, na kukikata kunaacha kidonda kinachotoka damu na kinachomzuia mtoto kunyonya. Usitie mafuta puani. Yanashuka ku mapafu yaliyokwisha kujaa.

Ile mashine inafanya nini?

Hewa tunayovuta sisi sote ina sehemu kama 21 za oksijeni kwa kila 100. Kwa mtoto mwenye mapafu mazima, hiyo inatosha. Kwa mtoto ambaye nusu ya vifuko vimejaa usaha, haitoshi. Mashine inavuta hewa ya chumba hicho hicho munachoketi, inazuia sehemu ile nyingine, na kumpelekea mtoto hewa ambayo karibu yote ni oksijeni. Haina dawa ya kulaza ndani yake. Haina sumu. Inavipa vile vifuko vichache vilivyobaki wazi hewa yenye nguvu, ili moyo na ubongo visife njaa wakati sindano zinapigana na mikrobi.

Tunajuaje nani ana haja nayo? Kuna kifaa kidogo kinachobana kidole ao kidole cha mguu cha mtoto, chenye taa nyekundu. Kinatuonyesha ni kiasi gani cha oksijeni kiko ndani ya damu. Kikishuka chini ya 90, mtoto anatiwa mpira. Mama anaweza kuomba aonyeshwe hesabu kabla ya mpira na baada ya mpira. Mimi napenda kuwaonyesha, maana mama akiona namba inapanda mbele ya macho yake, maneno ya banjini yanaisha yenyewe.

Mtoto atalia na kuuvuta mpira. Musiutoe kwa huruma. Ukitoka, muite muuguzi. Umeme ukikatika, musingoje tupite. Njooni mutuambie mara moja, ili tulete chupa kubwa ya oksijeni kama ipo ao tuwashe injini ya umeme. Usiku musiwashe mshumaa wala kiberiti karibu, kwa maana oksijeni inafanya moto uwake kwa nguvu. Mwinue mtoto kichwa kidogo. Akiwa anapumua mbio sana, usimlazimishe uji. Uliza kwanza kama anaweza kunyonya. Kama hawezi, kamua maziwa yako, na sisi tutayapitisha kwa mpira mwembamba unaoenda tumboni. Maziwa ya mama hayakomi kuwa chakula kwa sababu mtoto yuko hospitali.

Sindano ya mgongo

Hili nalo lina maneno mengi kama oksijeni, na pengine kuzidi. "Wakimuchoma mugongo, atalemaa." Tumeona baba anakataa mpaka mtoto anapotea.

Menenjiti inajulikana hivi: joto, degedege, kutapika, shingo ngumu, kwa mtoto mchanga utosi unavimba, na analia zaidi ukimbeba badala ya kutulia. Kuna malaria kali inayofanana nayo kabisa. Hatuwezi kuzitenganisha kwa kutazama uso. Tunachukua matone machache ya yale maji yanayozunguka ubongo na mgongo, tunapotoboa chini, karibu na kiuno. Mshipa mkubwa wa mgongo unaishia juu ya mahali hapo, kwa hiyo sindano haiugusi. Maji yanayotolewa, mwili unayatengeneza tena kwa muda wa saa chache. Yakiwa meupe kama maji ya mvua, ni habari njema. Yakiwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele, tunajua adui yuko wapi, na dawa yenye nguvu inapigwa kwa siku 10 ao zaidi.

Ni kweli kwamba watoto wengine wanatoka na kilema, hasa uziwi. Kilema hicho kinaletwa na menenjiti yenyewe, na kinazidi kila saa dawa inavyokawia. Ni hesabu ileile ya mpira na kifo. Mtoto akipona menenjiti, mleteni apimwe masikio, hata kama munaona anageuka mukimwita; mtoto anaweza kugeuka kwa kuona kivuli chako.

Dawa inayokatwa katikati

Nimonia isiyo kali inatibiwa nyumbani kwa vidonge vya amoksisilini vinavyoyeyuka ndani ya maji, mara mbili kwa siku. Vimalizeni siku zote mulizoambiwa. Joto linashuka baada ya siku mbili, mama anafurahi, anaficha vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto mwingine. Mikrobi zilizobaki ni zile ngumu zaidi, na zimekwisha kuijua dawa. Kule Bukavu walipozichunguza zile pneumokoki za puani, nyingi zilikuwa hazisikii tena kotrimoksazoli, ile munayoijua kwa jina la Bactrim, na nyingine zilianza kuvumilia hata penisilini. Kwa hiyo kidonge cha Bactrim kimoja kimoja kinachouzwa barabarani kinakula feza yenu na siku zenu.

Najua ni feza inayochelewesha wamama wengi, si ujinga. Lakini fanyeni hesabu. Mtoto wa siku ya kwanza mara nyingi anapona kwa vidonge, naye analala nyumbani kwake. Mtoto wa siku ya tano ana haja ya kitanda, sindano, oksijeni, na mama ambaye hauzi kitu sokoni kwa juma nzima. Kama huna kitu, useme siku ya kwanza unapofika, usingoje siku ya kutoka.

Chanjo ya Pneumo

Inchi yetu ilianza kutoa chanjo ya pneumokoki mwaka 2011, ikafika huku Kivu baadaye kidogo. Bukavu ilikuwa 2013. Ku hospitali ya Panzi, waganga walifungua madaftari ya watoto waliolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, miaka ya mbele ya chanjo na miaka ya nyuma yake, toka 2010 mpaka 2015. Watoto waliolazwa na ugonjwa mkali wa mapafu walipungua. Hiyo si habari ya ng'ambo. Ni watoto wa kando ya ziwa letu hili.

Wamama wanauliza: "Wangu alichanjwa, mbona ameshikwa na nimonia?" Ni swali la haki. Pneumokoki ina jamaa kubwa, aina karibu 100, na chanjo iliyoletwa kwetu ilichaguliwa kupigana na aina 13, zile zilizoonekana kuwa kali zaidi. Tena nimonia nyingine inaletwa na mikrobi ambazo si pneumokoki. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa naye ahesabiwe pumzi akikohoa. Chanjo inapunguza safari za usiku, haizimalizi zote.

Inapigwa pajani mara tatu: juma la 6, la 10 na la 14, siku zilezile za chanjo nyingine na za kupima kilo. Paja linaweza kuvimba kidogo na mtoto kuwa na joto usiku ule. Sindano mbili siku moja hazimzidi nguvu.

Mji wetu umekimbia mara nyingi: volkano ya 2002, volkano ya Mei 2021, vita ya Januari 2025. Katika kukimbia, fishi zinapotea na majuma yanapita. Musikae nyumbani kwa kuogopa kugombezwa. Hesabu ya chanjo haianzi upya. Tunaendelea pale mulipoachia. Kama fishi imepotea, tutatafuta ndani ya daftari la kituo mulichochanjwa, na kama daftari nalo halipo, tutaandika nyingine.

Na mukija usiku na mtoto mwenye pumzi za mbio, leteni fishi kama ipo, kitenge cha pili, na ganda ao chupa ya dawa yoyote muliyompa nyumbani, hata ya kienyeji, hata kama ni tupu. Tunaiomba ili tujue la kumpa na la kutompa.